"Nina Mteja": Historia ya Dalali Anayebisha Hodi Kwenye Nyumba Isiyouzwa

Katika miji yetu ya Tanzania kuna maandishi ambayo mgeni huyashangaa. Hupakwa kwa rangi ukutani, kwa herufi kubwa ambazo aghalabu hazikunyooka: NYUMBA HII HAIUZWI. Pengine huongezwa onyo la kuepuka matapeli. Mgeni huuliza: duka hutangaza kinachouzwa, sasa ni mtu gani huyu anayetangaza asichouza? Wenyeji hawaulizi. Wanajua kwamba maandishi yale ni jibu la swali lililokwisha kuulizwa, na huenda liliulizwa wakati mwenye nyumba mwenyewe hayupo. Aliyeuliza mara nyingi ni dalali, au mtu aliyejifanya dalali, na maneno yake ya kwanza yanafahamika mji mzima: "Nina mteja."

Katika makala hii nataka kufuata historia ya maneno hayo mawili. Nitaifuata zaidi nchini Marekani. Si kwamba sisi tumepungukiwa na madalali. Sababu ni kwamba kule biashara hii iliundiwa vyama, kanuni na mikataba mapema, ikaacha kumbukumbu nyingi katika sheria na hukumu za mahakama, na katika mji mmoja hasa, Chicago, ilionyesha waziwazi inaweza kufanya nini inapoachwa huru mbele ya mlango wa mtu ambaye hakuwa na nia ya kuuza. Baada ya hapo nitarudi nyumbani, kwa sababu naamini somo la Chicago linatuhusu.

Tuanze na jambo la msingi. Dalali hana nyumba, na mara nyingi hana fedha za kuinunua. Mtaji wake ni idhini ya mwenye nyumba. Pasipo mtu aliyemwambia "niuzie", dalali ni mpita njia anayejua habari za mtaa. Ndiyo maana, popote biashara hii ilipokomaa, dalali hodari hakuwa yule mwenye wanunuzi wengi. Alikuwa yule mwenye wauzaji wengi. Mnunuzi huja mwenyewe akisikia kuna nyumba. Muuzaji sharti atafutwe.

Anatafutwa wapi? Kuna milango mitatu. Mlango wa kwanza ni wa mtu aliyeamua kuuza nyumba yake mwenyewe bila dalali. Ameshatundika kibao, ameshataja bei, na kwake dalali ni gharama asiyoitaka. Mlango wa pili ni wa mtu aliyempa dalali mmoja kazi, muda wa mkataba ukapita na nyumba ikabaki. Amechoka, ana hasira, na pengine yuko tayari kusikiliza ahadi mpya. Mlango wa tatu ni wa mtu ambaye hajawaza kuuza kabisa. Milango hii mitatu inatofautiana sana kimaadili, ingawa anayebisha hodi ni yuleyule na maneno yake ni yaleyale.

Mwaka 1908, mjini Chicago, madalali wa miji mbalimbali ya Marekani waliunda chama cha kitaifa cha bodi za biashara ya nyumba, chama ambacho leo hujulikana kama National Association of Realtors. Hali waliyoikuta haikuwa tofauti na ya kwetu leo. Mwenye nyumba aliweza kuwapa madalali watano nyumba moja; wote watano walikimbia na habari ileile, na aliyetangulia kuleta mnunuzi ndiye aliyekula. Waliobaki walipoteza muda na nauli. Wengine waliongeza bei juu ya ile aliyoitaka mwenyewe, wakaweka tofauti mfukoni. Chama kilitaka kuigeuza kazi hii kuwa taaluma yenye heshima, na mwaka 1913 kikapitisha kanuni za maadili.

Nguzo ya mageuzi hayo ilikuwa mkataba wa kipekee. Mwenye nyumba alitia saini kwamba kwa muda fulani, tuseme miezi kadhaa, nyumba yake iko mikononi mwa dalali mmoja tu, na katika namna kali zaidi ya mkataba huo dalali alilipwa hata kama mwenye nyumba ndiye aliyempata mnunuzi. Nguzo ya pili ilikuwa orodha ya pamoja: madalali wa mji mmoja walikusanya mikataba yao mahali pamoja, ili dalali yeyote mwanachama aweze kuleta mnunuzi kwenye nyumba ya mwenzake, kisha wagawane ujira.

Haki itendeke katika kuhukumu mageuzi haya. Yalileta utaratibu. Mnunuzi aliweza kuona nyumba nyingi kwa kupitia mtu mmoja, na muuzaji alijua nani anawajibika kwake. Lakini kila uzio una ndani na nje. Aliyechagua kuuza mwenyewe alijikuta nje ya orodha, na nyumba isiyo kwenye orodha haikuonekana na wanunuzi walioongozwa na madalali. Uamuzi wake halali wa kuokoa ujira uligeuzwa kuwa udhaifu, na udhaifu huo ukawa fursa ya biashara. Madalali walimtembelea mmojammoja kumweleza kwa nini hatafanikiwa peke yake, na sehemu kubwa ya maelezo hayo ilikuwa kweli kwa sababu wao wenyewe ndio walioujenga uzio.

Kwa mwenye mkataba uliokwisha muda, kanuni za maadili zilileta matokeo mengine ambayo pengine hayakukusudiwa. Mwanachama alikatazwa kumrubuni mteja wa mwanachama mwenzake wakati mkataba wa kipekee unaendelea. Katazo hilo lilikuwa la busara, lakini lilikoma siku mkataba ulipokoma. Matokeo yake, asubuhi ya siku iliyofuata mtu yule yule aliyeachwa kwa amani miezi mitatu alianza kubishiwa hodi, na baadaye kupigiwa simu, na kundi zima la madalali. Kanuni iliyoandikwa ili kulinda heshima kati ya wenye taaluma haikumlinda mwenye nyumba hata siku moja.

Kwamba utaratibu huu ulikuwa pia chombo cha kulinda kipato, mahakama zimesema zaidi ya mara moja. Mwaka 1950 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba upangaji wa viwango vya ujira uliofanywa na bodi ya madalali ya Washington ulivunja sheria dhidi ya ukiritimba. Miaka 73 baadaye, Oktoba 2023, baraza la wazee wa mahakama katika Kansas City, jimbo la Missouri, lilikiona chama cha taifa na kampuni kadhaa kuwa na hatia ya kula njama kuhusu ujira, likatoa fidia ya takriban dola bilioni 1.8. Machi 2024 chama kilikubali suluhu ya dola milioni 418 na kubadilisha baadhi ya kanuni zake za orodha ya pamoja.

Hata hivyo, habari za ujira ni sehemu nyepesi ya historia hii. Sehemu nzito iko kwenye mlango wa tatu.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Wamarekani Weusi walianza kuhama kwa wingi kutoka majimbo ya kusini kwenda miji ya viwanda kaskazini. Chicago ilikuwa na Weusi wapatao 44,000 mwaka 1910. Kufikia 1960 walikuwa zaidi ya 800,000. Mwaka 1917 Mahakama ya Juu, katika kesi iliyotoka Louisville, ilizuia miji kupitisha sheria ndogo za kugawa mitaa kwa rangi. Serikali ya mji ilipozuiwa, wenye biashara ya nyumba walishika kazi hiyo. Wenye nyumba Wazungu walihamasishwa kutia saini maagano ya kutouza wala kupangisha kwa mtu Mweusi, na mwaka 1924 kanuni za maadili za chama cha taifa ziliongezewa kifungu kilichomkataza dalali kuingiza mtaani watu wa rangi au taifa ambalo uwepo wao ungedhuru thamani ya nyumba. Maneno kuhusu rangi yaliondolewa katika kifungu hicho mwaka 1950 tu. Wasomaji wangu watumishi wa umma wazingatie kwamba ubaguzi huu uliandikwa chini ya kichwa cha maadili.

Pale karatasi ilipoonekana dhaifu, mabomu yalitumika. Kati ya Julai 1917 na Machi 1921 Chicago ilishuhudia milipuko 58 dhidi ya nyumba za Weusi waliovuka mipaka ya mitaa, na dhidi ya madalali na wenye benki waliowawezesha. Katika ghasia za Julai na Agosti 1919 watu 38 waliuawa.

Serikali kuu nayo ikaweka mhuri wake. Kuanzia 1934 taasisi ya shirikisho ya kudhamini mikopo ya nyumba iliwawezesha mamilioni ya Wazungu kununua nyumba kwa malipo madogo ya miaka mingi, lakini ilikataa kudhamini mikopo katika mitaa ya Weusi na katika mitaa iliyoanza kuchanganyika. Kwa hiyo mwaka 1948 Mahakama ya Juu ilipotamka, katika kesi ya Shelley dhidi ya Kraemer, kwamba mahakama haziwezi kutekeleza maagano ya ubaguzi, mlango ulifunguka nusu tu. Mtu Mweusi sasa aliweza kununua nyumba katika mtaa wa Wazungu, lakini benki haikumkopesha.

Katika nafasi hiyo, kati ya haki ya kununua na kukosa mkopo, ndipo alipoingia dalali wa hofu.

Kazi yake ilikwenda hivi. Alichagua mtaa wa Wazungu uliopakana na mtaa wa Weusi. Hakuna aliyekuwa anauza pale. Alinunua nyumba moja, akaiuza au akaipangisha kwa familia ya Weusi. Kisha alianza kubisha hodi jirani hadi jirani: Je, umesikia wameshaingia? Bei zinaanguka. Mimi nina fedha taslimu leo. Mwezi ujao sina uhakika. Madalali wengine waliwalipa wanawake Weusi wasukume vigari vya watoto katika barabara za mtaa huo, au walipiga simu kwenye nyumba za Wazungu na kumwulizia mtu mwenye jina lililosikika kuwa la Mweusi, ili anayepokea aamini kwamba jirani zake wamebadilika. Mambo haya hayakubuniwa na wapinzani wao. Mwaka 1962 dalali mmoja wa Chicago, aliyeficha jina lake, aliyasimulia kwa kinywa chake katika jarida la Saturday Evening Post, tena kwa majivuno ya fundi anayeeleza ufundi wake.

Zingatieni kwamba dalali huyu hakumdanganya mwenye nyumba kuhusu nyumba yake. Alimweleza habari za majirani zake, habari ambazo yeye mwenyewe alikuwa akizitengeneza. Bei zilianguka kwa sababu wote waliuza kwa pamoja, na wote waliuza kwa pamoja kwa sababu waliambiwa bei zitaanguka.

Mtaa wa North Lawndale, upande wa magharibi wa Chicago, ulikuwa na Wazungu asilimia 87 mwaka 1950, wengi wao wakiwa Wayahudi. Kufikia mwaka 1960 Weusi walikuwa asilimia 91. Mtaa mzima, wenye watu zaidi ya 100,000, ulibadilisha wakazi ndani ya miaka 10.

Mzungu aliyeuza kwa hofu alipata hasara, lakini hadithi yake iliishia hapo, kwa maana aliondoka na fedha fulani na akapewa mkopo wenye dhamana ya serikali kwenye viunga vipya vya mji. Hasara kubwa ilimngoja aliyenunua. Kwa kuwa benki hazikumkopesha, aliuziwa kwa mkataba wa mafungu. Alitoa kitangulizi, akalipa kila mwezi, akabeba kodi na matengenezo yote kama mmiliki, lakini hati ilibaki kwa muuzaji mpaka senti ya mwisho. Akikosa malipo ya mwezi mmoja, muuzaji aliweza kumfukuza, kuchukua nyumba pamoja na yote aliyokwisha kulipa, na kumwuzia mwingine. Clyde Ross, mtu aliyekimbia dhuluma za Mississippi, alinunua nyumba ya namna hiyo North Lawndale mwaka 1961 kwa dola 27,500. Mtu wa kati aliyemwuzia alikuwa ameinunua miezi sita kabla kwa dola 12,000.

Huku kwetu tofauti ya namna hiyo tungeiita "cha juu". Ni neno jepesi, linalosemwa kwa kicheko. Mimi nikilisikia huiwaza North Lawndale, ambako cha juu kilizidi bei ya nyumba yenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 na Chuo Kikuu cha Duke ulikadiria kwamba kati ya asilimia 75 na 95 ya nyumba zilizouzwa kwa familia za Weusi mjini Chicago katika miaka ya 1950 na 1960 ziliuzwa kwa mikataba ya aina hii, na kwamba familia hizo zilipoteza kati ya dola bilioni 3 na bilioni 4.

Hawakunyamaza. Mwaka 1968 wanunuzi wa North Lawndale, Ross akiwa miongoni mwa viongozi wao, waliunda Contract Buyers League. Walilinganisha mikataba yao mezani, wakagundua kwamba kile ambacho kila mmoja alikiona kuwa bahati yake mbaya kilikuwa mpango. Waligoma kulipa, wakapandisha kesi katika mahakama ya shirikisho, wakarudisha fanicha ndani ya nyumba kila mara askari walipozitoa nje. Kesi zenyewe hazikufanikiwa mahakamani, lakini mgomo uliwalazimisha wauzaji kadhaa kuandika upya mikataba kwa masharti nafuu. Kwa wanaharakati wanaonisoma, hilo ni jambo la kukumbuka: ushindi wao ulitokana na kuketi pamoja na kufunua karatasi, kabla hata ya wakili kusimama mbele ya jaji.

Tarehe 11 Aprili 1968, wiki moja baada ya kuuawa kwa Martin Luther King, ambaye mwaka 1966 alikuwa amehamia kwa muda katika North Lawndale hiyohiyo, Rais Lyndon Johnson alitia saini Sheria ya Makazi ya Haki. Miongoni mwa vifungu vyake kimo kinachokataza mtu, kwa ajili ya faida, kumshawishi mwingine auze au apangishe nyumba kwa kumweleza kwamba watu wa rangi, dini au taifa fulani wanaingia au wataingia mtaani. Sheria ilikuwa imempata dalali wa hofu na kumtaja kwa matendo yake.

Lakini katazo moja halikutosha, na miaka iliyofuata miji na majimbo yalijaribu njia nyingine. Willingboro, mji wa New Jersey, ulipoona Wazungu wanaanza kuondoka, ulipiga marufuku mwaka 1974 vibao vya "Inauzwa" mbele ya nyumba, ili majirani wasiogopeshane. Mwaka 1977 Mahakama ya Juu ililibatilisha katazo hilo kwa kuwa lilikiuka uhuru wa kujieleza. Aliyeandika hukumu ni Jaji Thurgood Marshall, ambaye mwaka 1948, akiwa wakili, alikuwa mstari wa mbele dhidi ya maagano ya ubaguzi. Huyu ndiye Marshall aliyewashauri wajumbe Waafrika wa Kenya kwenye mkutano wa katiba wa Lancaster House, London, mwaka 1960, na aliyeandaa rasimu ya haki za binadamu iliyowalinda pia wachache wenye mali. Hoja yake kuhusu Willingboro, kwa ufupi, ilikuwa kwamba serikali haiwezi kuwaficha raia habari ya kweli kwa kuogopa kwamba watafanya uamuzi mbaya.

Hapo ndipo ugumu wa jambo hili ulipo, na sipendi kuuficha. Kibao cha "Inauzwa" ni habari. Mtu anayebisha hodi pia anabeba habari. Serikali ikimzuia kila abishaye hodi, itamzuia na yule aliye na mnunuzi wa kweli, na itamnyima mwenye shida nafasi ya kuuza kwa bei nzuri. Jimbo la Illinois lilikuwa na sheria iliyomruhusu mwenye nyumba kutoa taarifa kwamba hataki kushawishiwa kuuza. Mwaka 1998 mahakama ya rufani ya shirikisho iliiona kuwa inakiuka uhuru wa kusema. New York, kwa upande wake, imeendelea na mpango ambao katika maeneo maalumu ya Queens, Brooklyn na Bronx mwenye nyumba hujiandikisha serikalini kwamba hauzi, na dalali akimfuata baada ya hapo anahatarisha leseni yake. Kwa maneno mengine, kuna mahali Marekani ambapo NYUMBA HII HAIUZWI imeandikwa katika daftari la serikali badala ya ukutani.

Simu iliirudisha hoja hiyohiyo kwa sura mpya. Mwaka 2003 Marekani ilianzisha daftari la taifa la watu wasiotaka kupigiwa simu za biashara. Madalali walitaka kujua: je, mtu aliyetangaza mwenyewe nyumba yake, au ambaye mkataba wake umeisha, anaweza kupigiwa? Mwaka 2005 tume ya mawasiliano ya nchi hiyo ilitoa ufafanuzi ambao mimi nauona kuwa na hekima kuliko sheria nyingi ndefu. Dalali mwenye mnunuzi halisi anayetaka kuzungumzia nyumba ile anaweza kupiga. Dalali anayepiga ili apewe kazi ya kuuza, basi huyo anafanya biashara ya ushawishi, na kama namba imo kwenye daftari, amekatazwa. Dalali wa awali, ambaye mkataba wake umekwisha, bado ana uhusiano na mteja kwa muda fulani. Madalali wengine hawana.

Tazameni jinsi ufafanuzi huo unavyoyagusa yale maneno mawili. Haukukataza "nina mteja". Ulitaka tu yawe kweli.

Sasa turudi nyumbani. Neno dalali lilitufikia kutoka Kiarabu, likiwa na maana inayokaribiana na kuonyesha njia, na katika Zanzibar ya karne ya 19 dalali alikuwa mtu wa mnada. Aliuza pembe na karafuu, na katika soko la watumwa, mpaka lilipofungwa mwaka 1873, aliuza watu. Hata leo dalali wa mahakama ndiye anayekuja na amri ya kuuza mali ya mdaiwa. Jina hili, basi, limebeba maana mbili tangu zamani: mwonyesha njia, na mtu ambaye akionekana mlangoni moyo hushtuka.

Kugawa mji kwa rangi kwetu hakukuachiwa madalali. Dar es Salaam ya ukoloni iligawanywa na serikali yenyewe katika kanda za ujenzi, ambazo watu walizipa majina yanayosema yote: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini, na viwanja vya wazi vya Mnazi Mmoja vikitenga katikati ya mji na Kariakoo. Hatukurithi maagano ya Chicago. Tulichonacho ni soko ambamo mji unapanda, nyumba ya Kiswahili iliyojengwa na babu inakaa juu ya kiwanja chenye thamani ya jengo la ghorofa nane, warithi wako kumi na hati iko kwa mmoja, au haipo. Katika soko la namna hiyo mlango wa tatu ndio wenye faida kubwa kuliko yote, na hofu ya kumtikisa mwenye nyumba haihitaji rangi. Inatosha kumwambia bibi mjane kwamba barabara inapanuliwa na fidia haitalipwa. Inatosha kumnong'oneza mrithi mmoja kwamba nduguze wameshakubaliana bila yeye.

Silaha tulizonazo si haba. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Kenya ina Sheria ya Mawakala wa Nyumba na Ardhi ya mwaka 1984 inayomtaka wakala asajiliwe kabla ya kufanya kazi hiyo. Kwetu Tanzania udalali wa mitaani umeongozwa na desturi kuliko leseni: ujira wa mwezi mmoja wa kodi, fedha za kutembezwa, na kile cha juu. Sichukii desturi, na wala siwadharau vijana wanaoishi kwa kazi hii wakiwa na simu mkononi na jua utosini. Wengi wao wanafanya kazi ambayo mji unaihitaji. Lakini historia niliyoisimulia inaonyesha kwamba heshima ya dalali na usalama wa mwenye nyumba hukua pamoja au hufa pamoja.

Kwa hiyo, kwa wanaoandika kanuni na kwa wanaozidai, nina mapendekezo matatu ambayo hayahitaji fedha nyingi. La kwanza, dalali anayemfuata mtu asiyetangaza kuuza alazimike kusema kwa maandishi anamwakilisha nani. Na kama hana mnunuzi, aseme hana. La pili, bei anayoambiwa muuzaji na bei anayoambiwa mnunuzi ziandikwe kwenye karatasi moja, ili ujira uwe ujira na cha juu kikose maficho. La tatu, ofisi ya serikali ya mtaa, ambayo mara nyingi ndiyo inayoshuhudia mauziano, iwe na daftari ambamo mwenye nyumba anaweza kuandika kwamba hauzi, pamoja na majina ya wote ambao ridhaa yao lazima ipatikane siku akibadili nia.

Kwa wanafunzi ninaongeza kazi moja. Kila mara mnapopita mbele ya ukuta wenye maandishi yale, msiishie kucheka. Ulizeni nani alibisha hodi, alisema nini kuhusu majirani, na fedha aliyoahidi ilikuwa ya nani. Wakazi wa North Lawndale walichelewa kuulizana maswali hayo takriban miaka kumi, na katika miaka hiyo mtaa wao ulikuwa umeshauzwa.